Memory au I Dreamed a Dream: upi unaifaa sauti ya pili?

AltoMtulivu: Wadau, nimepewa nafasi ya kuimba wimbo mmoja wa tamthilia ya muziki, nikisindikizwa na piano peke yake. Nimebaki na miwili: Memory wa Cats (Andrew Lloyd Webber, London 1981) na I Dreamed a Dream wa Les Misérables (Claude-Michel Schönberg). Mimi ni sauti ya pili, juu nikipita C naanza kubana koo. Yote miwili ni ya taratibu, kwa hiyo naona tofauti ni ufunguo tu, yaani do ya wimbo imewekwa kwenye noti gani. Nikosoeni.

Vidole88: Dada, ufunguo ndio jambo jepesi hapo. Mpiga piano yeyote aliyekomaa atakushushia. Angalia mapigo. I Dreamed a Dream ni mapigo manne ya kawaida, ukipotea unarudi bila watu kujua. Memory imeandikwa 12/8: mapigo manne makubwa, kila pigo lina vipande vitatu, unayumba nayo kama bembea. Halafu katikati ya ubeti inakuja bari (fungu moja la mapigo) ya 10/8. Vipande viwili havipo! Nimesindikiza waimbaji wazuri kabisa wakakanyaga hapo hapo: mguu unasubiri pigo limalizike, piano imeshaingia bari nyingine. Ukishusha ufunguo, bari hiyo unashuka nayo vilevile.

MwalimuWaSolfa: Vidole88 amesema kweli, ila ufunguo nao usiudharau, maana nyimbo hizi zinahama njiani. I Dreamed a Dream inaanza do ikiwa E flati (E iliyoshushwa nusu toni), mwishoni do inakuwa F. Ni toni moja tu. Memory inaanza B flati, piano inapita G flati, kisha kilele kinaimbwa D flati. Maana yake ile sauti uliyoianza kwa upole inarudi imepanda toni moja na nusu, na safari hii unatakiwa uitoe kwa nguvu zote. Wengi hupima koo kwa ubeti wa kwanza, wakaona wimbo umewakaa. Pima kwa kilele, kisha rudi nyuma uhesabu utaanzia wapi.

Kama ni kura, mimi natoa kwa I Dreamed a Dream. Sikiliza mkono wa kushoto: besi inashuka ngazi kwa ngazi, do, ti, la, so, fa, huku mwimbaji akieleza matumaini yaliyokufa. Hadithi yote imo kwenye ile besi. Huhitaji kuongeza machozi.

TenaWaNyuma: Naongeza wa tatu: Everything's Alright wa Jesus Christ Superstar, ni wa Lloyd Webber huyo huyo. Mapigo matano kwa bari, na bado unasikika kama wimbo wa kubembeleza.

Vidole88: Mzuri sana, lakini humo wanajibizana wahusika kadhaa pamoja na kundi. Ukiimba peke yako unabaki nusu.

MwalimuWaSolfa: Kweli. Na kuhusu kushusha ufunguo, kuna ugumu ambao haushuki kamwe. Chukua Maria wa West Side Story (Leonard Bernstein, 1957). Jina lenyewe linaimbwa do, fi, so. Ile fi imeinuliwa nusu toni juu ya fa, inauma sikio mpaka so ije iitulize. Ukianzia E flati au C, umbali ni toni tatu zile zile, na ukiikosea fi kidogo tu, jina zima limepotea. Kwa hiyo AltoMtulivu, kabla ya kuchagua imba kilele cha kila wimbo bila piano.

AltoMtulivu: Nimerudi. Shikamoo mwalimu, nimefanya ulivyoniambia. Kilele cha Memory nimekishusha mpaka do ikawa B flati, koo limefunguka. Nikirudi nyuma, mwanzo unaangukia G, na huko chini ndiko sauti yangu ina uzito. I Dreamed a Dream nao umekaa vizuri, ila mwili wangu umeupenda ule mwendo wa bembea. Nachukua Memory. Vidole88, ile bari ya 10/8 niihesabu vipi?

Vidole88: Usihesabu kumi, utachoka. Piga kofi mapigo matatu kamili, kisha la nne liwe kipande kimoja tu, ingia bari inayofuata papo hapo. Rudia bila maneno mpaka mguu uache kusubiri, ndipo uweke sauti.