Wajukuu wa Bibi Somoe: kombi ya Zuhura

*Jumamosi, saa 1:40 usiku*

Mama Zuhura: Asalaam aleikum wapendwa. Naomba mawazo yenu. TAMISEMI, wizara inayopanga wanafunzi shuleni, wamefungua dirisha la kubadilisha kombi, yaani masomo matatu ya kusoma kidato cha tano na sita, kwa waliomaliza kidato cha nne. Zuhura kwenye selfomu, ile fomu ya kuchagua kombi, alijaza PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) ya kwanza. Matokeo mnayajua: Biolojia B, Jiografia B, Kemia C, Fizikia D, Hisabati D. Aache hivyo au abadilishe? Siku zimebaki chache na mimi mambo haya siyajui.

Baba Zuhura: Niko shamba huku Kitangari, mtandao unakuja na kuondoka. Mimi nasema asome mambo ya gesi. Kiwanda cha Madimba kiko hapa hapa mkoani kwetu, kwa nini vijana watoke mbali waje kukifanyia kazi?

Mjomba Bakari: Shemeji, wazo lako nalielewa, ila uhandisi unaanzia PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), na ile M ni hesabu za juu. Mwenye D ya Hisabati akiingia PCM tutakuwa tumemtupa baharini. Hilo tuliache.

Mama Zuhura: Bibi yuko hapa pembeni, naandika maneno yake. Anasema: "Mguu wangu uliponitesa tulikwenda mpaka hospitali ya Ndanda, tukakaa wiki mbili. Nataka kabla sijafa nitibiwe na mjukuu wangu. Awe daktari."

Ma'mdogo Asha: Shikamoo mama. Mungu akupe umri mrefu.

Kaka Yusufu: Shikamooni wakubwa. Naomba niseme, maana mimi nilishapita njia hiyo. Mama mdogo, badilisheni. Wekeni CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia). Mimi Fizikia yangu ya kidato cha nne ilikuwa C, siyo D, na bado PCB ilinishinda. Kidato cha sita nilipata Kemia D, Biolojia D, Fizikia S. Kwenye udaktari wanataka prinsipo zote tatu, yaani ufaulu wa A hadi E, kwenye Fizikia, Kemia na Biolojia, na S siyo prinsipo. Somo moja lilinifungia mlango. Nilikaa nyumbani mwaka mzima napalilia mikorosho ya babu, kisha nikaenda kusoma kozi ambayo sikuijaza kwa moyo. Sitaki mdogo wangu apitie hayo.

Mama Zuhura: Yusufu mwanangu, mbona hukuwahi kutuambia?

Kaka Yusufu: Niliona aibu, mama mdogo. Mlikuwa mmeshachinja mbuzi siku naondoka kwenda shule.

*Saa 2:25 usiku*

Mjomba Bakari: Pole sana mwanangu, na ahsante kwa kusema. Sasa nisomeni vizuri, hili nalirudia kila mwaka darasani na wazazi wengi hawalijui. C ya kidato cha nne na C ya kidato cha sita ni vitu viwili tofauti. Kidato cha nne C inaanzia alama 45. Kidato cha sita C inaanzia 60. Alama zile zile 45 zilizokupa C ya kupongezwa, ukizipata kidato cha sita ni E. D ya kidato cha nne inaanzia 30, na alama 30 kidato cha sita ni F. E yenyewe inaanzia 40, na S ni 35 hadi 39. Ndiyo maana mtoto anaondoka nyumbani na C tatu anarudi na E na S, na watu wanasema amezubaa kumbe uwezo ni ule ule, kipimo ndicho kimepanda.

Na cheti hakionyeshi alama, kinaonyesha herufi tu. C ya Kemia inaweza kuwa 46, inaweza kuwa 63. Kwa hiyo Zuhura, nataka alama zako za moko, ule mtihani wa majaribio. Unazo?

Zuhura: Shikamoo mjomba. Shikamooni wote. Ninazo. Moko ya mkoa Biolojia 68, Kemia 57, Jiografia 70, Fizikia 38.

Mjomba Bakari: Marahaba. Kwa kipimo cha kidato cha sita hiyo ni Biolojia C, Kemia D, Jiografia B, Fizikia S. Unaona mwenyewe. Kwa karatasi hii CBG inakaa vizuri. Inakupeleka kilimo, misitu, lishe, mazingira, hata ualimu wa Kemia na Biolojia. Pale kituo cha utafiti Naliendele wanatafiti korosho na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho unaomla baba yako kila msimu. Ni kazi ya maana kabisa.

Kaka Yusufu: Ndicho ninachosema mjomba.

Baba Zuhura: Ubwiri unga mwaka jana umenimaliza. Salfa nayo bei juu. Kama kuna kozi ya kuumaliza ugonjwa huo asome hiyo.

Zuhura: Mjomba, naomba kuuliza. Nikichukua CBG, hospitali ndiyo basi kabisa?

Mjomba Bakari: Kwa udaktari wa chuo kikuu kupitia kidato cha sita, ndiyo. Fizikia itakuwa haipo.

Zuhura: Basi naomba niseme ukweli. Ile 38 sikufundishwa. Kidato cha pili na cha tatu hatukuwa na mwalimu wa Fizikia. Tulinakili daftari za dada waliotutangulia, hata michoro ya saketi tulikuwa tunainakili bila kuielewa. Mwalimu alikuja kidato cha nne mwezi wa tatu. Kidato cha tatu nilikuwa na 19. Kutoka 19 mpaka 38 ni miezi michache tu. Kemia na Biolojia walimu walikuwepo miaka yote.

*Saa 2:51 usiku*

Ma'mdogo Asha: Kaka Bakari, umesoma hiyo?

Mjomba Bakari: Nimesoma. Nairudia.

Kaka Yusufu: Mimi mwalimu wa Fizikia nilikuwa naye miaka yote minne. Mzuri sana. Sikuelewa tu.

Mjomba Bakari: Basi hapo nabadilisha kauli yangu, na sioni vibaya kuibadilisha. D ya mtu aliyefundishwa miaka minne na D ya mtu aliyefundishwa miezi saba hazisomwi sawa. Mimi nilisoma herufi, sikuuliza imetoka wapi. Kosa hilo nawakataza wengine kulifanya.

Mama Zuhura: Lakini kaka, akikwama kama Yusufu? Mimi naogopa. Miaka miwili, nauli, sare, halafu arudi hana kitu?

Ma'mdogo Asha: Dada, hapo niachie mimi. Hatarudi hana kitu. Cheti chake cha kidato cha nne kina Biolojia, Kemia na Fizikia zote zimefaulu, hata kama Fizikia ni D. Hicho kinamwombea nafasi ya diploma ya utabibu au uuguzi, miaka mitatu, na hakiozi. Anaweza kwenda mwaka huu, anaweza kwenda baada ya kidato cha sita. Mimi niliingia uuguzi kwa cheti cha kidato cha nne, leo niko wodi ya wazazi Newala. Na mwenye diploma akitoka na GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 anaweza kuomba digrii. Njia ni ndefu ila ipo wazi. Yusufu, laiti ungetuambia mwaka ule, ningekupeleka kwa mkono wangu.

Kaka Yusufu: Sikujua kama cheti cha nne bado kilikuwa na kazi. Nilijua nimeshakivuka.

Zuhura: Mama mdogo, kwa hiyo nikijaribu PCB sipotezi diploma?

Ma'mdogo Asha: Hupotezi. Unapoteza miaka miwili tu kama hutapiga msuli. Na kuna hesabu pia, PCB wanasoma BAM, somo la ziada la hesabu. Haihesabiwi kama prinsipo lakini itakula muda wako, usiidharau.

Mjomba Bakari: Kidato cha tano wanaripoti Julai. Tuna miezi miwili na ushee. Zuhura aje Masasi kwangu. Tutaanza Fizikia upya, jioni baada ya vipindi, na Jumamosi asubuhi. Mwishoni mwa Juni nitampa mtihani na nitausahihisha kwa kipimo cha kidato cha sita. Asipofika 40, akifika shuleni anaomba CBG wiki ya kwanza, kabla masomo hayajashika kasi. Akifika, anaendelea. Zuhura, unakubali masharti?

Zuhura: Nakubali mjomba.

Baba Zuhura: Mtandao umerudi. Nimesoma yote. Korosho nitapambana nazo mwenyewe, mwacheni aende kwa mjomba wake.

Kaka Yusufu: Zuhura, nitakutumia vitabu vyangu vya Fizikia kwa basi kesho. Nimeandika pembeni mahali pote nilipokwama. Anza na hapo.

*Saa 3:34 usiku*

Zuhura: Nimeingia kwenye akaunti. PCB nimeiacha ya kwanza. Ya pili nimetoa HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) nimeweka CBG. Nimehifadhi, nimepiga picha ya skrini, nawatumia.

Mama Zuhura: Bibi ameshalala. Nitamwambia alfajiri.

Mjomba Bakari: Jumatatu apande basi la asubuhi. Aje na daftari zote kuanzia kidato cha kwanza, hata zile za kunakili.