Tupeane uzoefu: picha ya angani iliyokuponyoka huku unaitazama

Mlinzi wa Kilimia
Wakuu salaam. Jana umeme ulikatika mtaa mzima, joto likanitoa barazani, nikainua macho: Jabari, lile kundi la nyota (Orion), huyu hapa, utosini, mpaka upanga wake unaonekana. Ndani ya Dar! Nikakumbuka jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalisimulia.

Nilidunduliza miezi saba nikanunua treka, kile kimashine kinachoizungusha kamera polepole ili iende na nyota. Nikasema naanza na ile nebula, wingu la gesi, iliyo katikati ya upanga wa Jabari. Mwezi wa kwanza, vuli imeisha, masika bado, nikaenda shambani kwa shemeji Kiwangwa. Mananasi kushoto, mananasi kulia, taa hakuna. Lenzi ya milimita 200, kila picha sekunde 60, nataka picha 200. Kwa wasiojua: picha moja moja hazina maana, zimejaa chenga. Unapiga nyingi, programu inazilaza moja juu ya nyingine, chenga zinapungua, gesi inabaki. Nikaweka fokasi kwa kutumia Shira, nyota ing'aayo kuliko zote usiku, mpaka ikawa kama tundu la sindano. Nikakagua picha kumi za mwanzo. Wakuu, lile waridi! Mabawa mawili yamekunjuka kama ya popo, na pale katikati panawaka nyeupe. Nikatandika mkeka, nikatega alamu saa nane, nikalala kama mtu aliyeoa.

Alamu inalia, kamera bado inapiga, kwacha, kwacha. Nikamulika lenzi. Umande. Sisemi kaumande, nasema maji yanashuka, kioo kama cha daladala asubuhi ya mvua. Nikaanza kurudi nyuma kwenye picha. Ya 19 safi. Ya 20 ina ukungu. Ya 25 Jabari amekuwa taa ya barabarani wakati wa manyunyu. Kuanzia ya 40 ni kijivu tu, na ndivyo nilivyopiga mpaka saa nane, kijivu juu ya kijivu.

Mwanga wa ile gesi umesafiri miaka kama 1,300. Uliondoka kule kabla msikiti mkuu wa Kilwa haujajengwa. Umekatiza huko kote salama, unakuja kukwama kwenye umande wa Kiwangwa, sentimita chache kutoka kwenye kamera yangu.

Haya, leteni na zenu nisijione mjinga peke yangu.

Chausiku_TZ
Pole mkuu. Hapo kwenye "kama mtu aliyeoa" nimecheka mpaka mtoto ameamka.

Fundi Kioo
Dawa ya umande: chukua mchele, ukaange mkavu, tia kwenye soksi, funga shingoni mwa lenzi. Joto linakaa karibu saa nzima.

Ngosha Mtulivu
Mchele kwa bei hii? Tia mchanga.

Fundi Kioo
Mchanga karibu na lenzi. Mungu akusamehe.

Baharia wa Nchi Kavu
Mnahangaika bure. Kuna mkanda wa joto unaochomekwa kwenye pawabenki, unaufunga kwenye lenzi tangu jioni, KABLA umande haujashuka. Ukishalowa umechelewa. Na usifute kwa shati, utaiacha lenzi na mafuta.

Msomi wa Mtaa
Mtoa mada, umande ni kisingizio. Sekunde 60 kwa lenzi ya 200 zinataka treka iliyopangwa sawasawa. Uliilenga Polaris, ile nyota ya kaskazini, vizuri?

Baharia wa Nchi Kavu
Polaris ya Kiwangwa? Mkuu, Kiwangwa iko kusini mwa ikweta. Polaris iko chini ya upeo, labda uchimbe.

Msomi wa Mtaa
Maelezo ya treka yanasema Polaris. Aliyeitengeneza hajui, wewe unajua?

Baharia wa Nchi Kavu
Aliyeitengeneza anakaa kaskazini. Huku unalenga ncha ya kusini ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzungukia, na nyota iliyo jirani nayo, Sigma Oktantisi, ni hafifu kiasi kwamba hata kwenye giza la kweli unaitafuta kwa kukodoa. Kwa Dar ncha hiyo iko digrii kama saba tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na minazi. Kwa hiyo unaweka mwinamo kwa vipimo vya treka, unageuza kusini kwa dira, halafu unaipima nyota moja dakika kadhaa uone inahamia upande gani, unasahihisha. Dira ya simu isogeze mbali na chuma cha stendi, inadanganya.

Kamau wa Limuru
Naunga mkono. Hata sisi huku Polaris hatuioni. Niliwahi kuitafuta nikiwa Marsabit, imekaa hapo chini kabisa, imemezwa na vumbi. Nikamaliza usiku nikisaka nyota badala ya kupiga picha.

Maalim Maskati
Assalaam alaykum. Sisi huku Muscat Polaris iko juu digrii 23, mie treka naipanga kwa dakika tano nikiwa mlimani Jabal Shams. Lakini msijitie unyonge, nyinyi Nebula ya Karina, wingu jingine la gesi upande wa kusini, inawapandia juu vizuri. Huku kwetu inachungulia upeoni kama mwizi, digrii sita saba, kisha inazama. Nikija Unguja kwa mama ndo naipiga, na hapo tena ndo mawingu. Miaka minne nenda rudi, wallahi sina picha moja.

Kamau wa Limuru
Sasa nyinyi mnalia na umande. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na kivuli kikapita Turkana. Tulienda upande wa Sibiloi, siku tatu za barabara ile, gurudumu mbili zimepasuka. Giza kamili lingekaa sekunde zisizofika ishirini. ISHIRINI. Nilikuwa nimefanya mazoezi nyumbani na saa: toa kichujio cha jua, piga, piga, piga, rudisha. Jioni jua limeanza kumegwa vizuri kabisa, limebaki kipande kama ukucha. Ndipo tukaona ukuta wa mchanga unakuja kutoka ziwani. Mchanga, halafu matone ya mvua, Turkana! Nilikumbatia kamera kama mtoto nikaifunika na koti. Nikajua giza limefika kwa sababu chini ya koti palikuwa na giza zaidi. Watu wengine walipiga makofi, sijui walikuwa wanapigia nini. Picha niliyonayo ni ya kiatu changu.

Chausiku_TZ
Picha ya kiatu iwekwe hapa tafadhali.

Tumbo la Nyanda
Mimi Rujewa, Septemba mosi 2016, jua lilipopatwa likabaki pete. Nilitumia kioo cha kuchomelea. Pete ilitoka, ila ya kijani kama bangili ya plastiki.

Ngosha Mtulivu
Ungetumia filamu ya eksirei. Mimi nilitazamia hiyo.

Fundi Kioo
USIMFUNDISHE MTU HIVYO. Eksirei inapunguza ukali wa mwanga tu, miale inayochoma jicho inaweza kupita, na jicho lenyewe halina maumivu ya kukuonya. Kioo cha kuchomelea kiwe namba 14, hapo sawa.

Ngosha Mtulivu
Mbona naona?

Fundi Kioo
Mtu anayeshauri mchanga kwenye lenzi anaona nini?

Mzee wa Kokoto
Naomba nipite na changu, kirefu kidogo.

Ilikuwa Juni, wilaya moja ya Singida, kuna boma la Mjerumani limebaki kuta. Baridi ile ya kukata masikio, anga kavu, makundi ya nyota ya Nge na Mshale yapo juu saa sita usiku, Njia ya Maziwa imelala juu ya ukuta kama imemwagwa. Nimevaa koti jeusi na kofia ya kuficha uso kwa ajili ya baridi. Tochi nimeifunga mfuko mwekundu, maana mwanga mweupe ukikupiga macho inabidi usubiri karibu nusu saa ndipo uone giza tena. Treka ina kijitaa cha kijani kinachopepesa. Nyie jipigieni picha yangu nilivyokuwa nikionekana kwa mbali.

Nikasikia kikohozi. Nikageuka, wanaume saba, fimbo na sururu. Nikajua leo naondoka kwa tuhuma za uchawi. Lakini mzee wa mbele hakuniuliza mimi ni nani. Aliuliza kwa upole kabisa: "Mmefikia wapi?"

Nikasema, mzee wangu shikamoo, napiga picha nyota. Wakacheka wote, kicheko cha watu waliokwisha kusikia uongo huo. Kijana mmoja akachuchumaa chini ya stendi, akaitazama ile taa ya kijani, akatangaza: "Inapiga hapahapa." Yaani wamejua ni mashine ya kutafutia mali ya Mjerumani! Mzee akaniambia, "Kijana, babu zetu ndio waliobebeshwa yale masanduku mgongoni. Huwezi kuja usiku ukaondoka nayo peke yako. Tuzungumze."

Nikaona bora niwaonyeshe. Nikawasha kioo cha kamera, nikafungua picha, lile wingu la nyota na yale madoa meusi yake yanayopita katikati. Kimya. Kila mtu anainama kutazama. Halafu yule kijana akanyoosha kidole kwenye mpasuko mweusi akasema: "Ramani hiyo. Huu ni mto."

Wakuu, nilisaini. Karatasi ya daftari, tochi nyekundu, kitakachopatikana asilimia 40 ya kijiji. Nilianza na 20, wakakataa. Nikafunga vyombo, wakanisindikiza mpaka kwenye gari, mmoja amenibebea begi. Nilipita tena mwezi wa nane. Pale zilipokuwa zimesimama nguzo tatu za stendi yangu kuna shimo la kuingia mtu mzima.

Chausiku_TZ
NIMEKUFA. "Huu ni mto."

Tumbo la Nyanda
Chai hii. Imeungwa na tangawizi.

Mzee wa Kokoto
Picha ninayo, mkuu. Na nakala ya karatasi ninayo.

Mchimbaji Mpole
Samahani nimeingia uzi kwa kuchelewa. Hiyo mashine inasoma mita ngapi kwenda chini?

Baharia wa Nchi Kavu
Haisomi chini ndugu yangu, ni ya nyota.

Mchimbaji Mpole
Sawa nimekuelewa. Mzee wa Kokoto, nimekufuata chemba.

Msomi wa Mtaa
Kisheria mali kale ni ya serikali, hiyo asilimia 40 mlikuwa mnagawana kesi.

Mwalimu wa Zamu
Naomba turudi angani kidogo. Mimi nafundisha Iringa, nina kijidarubini cha milimita 114. Novemba 2025 niliwaahidi darasa la sita kuwaonyesha pete za Zohali. Wiki nzima nimewachorea ubaoni sayari na pete yake pana kama kofia ya pama. Usiku umefika, watoto arobaini na ushee kwenye foleni, nimefunga simu kwenye jicho la darubini ili nirekodi. Wa kwanza akatazama, akatulia, akasema: "Mwalimu, imechomwa mshikaki."

Nikatazama mwenyewe. Kweli. Kidonge cha njano, na kijiti chembamba kimepita katikati. Pete hakuna!

Tumbo la Nyanda
Chai nyingine. Zohali bila pete?

Kamau wa Limuru
Si chai. Kila baada ya miaka kama 15 tunazitazama pete kwa ubavu, na ni nyembamba mno, zinapotea. Mwaka 2025 ndio ulikuwa wake. Zinafunguka tena taratibu.

Mwalimu wa Zamu
Nililijua hilo kesho yake. Usiku ule nilidhani darubini imeharibika, nikaifungua mbele ya watoto kwa bisibisi. Mpaka leo shuleni naitwa Mwalimu Mshikaki. Video ipo, kidonge kinatetemeka, na nyuma yake sauti ya mtoto anaomba pilipili.

Fundi Kioo
Hiyo video usiifute. Ivunje kipande kipande, chagua zile zilizotulia, ziunganishe. Sayari hupigwa kwa video, si kwa picha moja, kwa sababu hewa inachemka. Utapata mshikaki mzuri sana.

Binti Saadani
Mie sina kamera wala treka. Septemba 7, 2025 mwezi ulipopatwa nilikuwa na simu tu. Wanaume wako msikitini kwenye sala ya kupatwa, sie uani tumekaa, bibi anatuhadithia chatu anavyoumeza mwezi. Ukawa mwekundu kama embe lililoiva upande. Saa nzima na zaidi. Nimepiga picha 60, zote zimetoka punje ya choroko. Moja tu ni nzuri: nimekosea nikagusa kamera ya mbele, ikampiga bibi katazama juu, mdomo wazi. Hiyo ndo niliyoichapisha nikaitundika.

Mlinzi wa Kilimia
Binti Saadani, hiyo naikubali kuliko zote. Mwingine kamili wa kuonekana huku ni Desemba 31, 2028, mapema usiku. Safari hii simu isimamishe kwenye ndoo ya mchanga, tumia kuhesabu sekunde ili usiiguse.

Fundi Kioo
Mchanga tena.

Maalim Maskati
Wenye uwezo, Agosti 2, 2027 jua linapatwa lote, Luxor giza linapita dakika sita, na Jiddah na Makka zimo njiani. Kamau, njoo na koti lako.

Kamau wa Limuru
Koti silibebi tena.

Chausiku_TZ
Mzee wa Kokoto, lile shimo likoje sasa?

Mzee wa Kokoto
Mvua za mwaka jana zimelijaza. Ng'ombe wanakunywa. Kijana wa ramani alinipigia simu, anasema si nilimwambia ule ni mto.

Jirani Mpya
Wakuu uzi mtamu, umenitoa nje na simu yangu. Nipo Mbezi, ile nyota nyekundu kubwa inayowaka na kuzima upande wa mashariki ni Mirihi? Nimeshaipiga picha 15.

Baharia wa Nchi Kavu
Mnara wa simu huo, mkuu.