Wiki ya Krismasi Disney World: bufe, kaunta, mpango wa chakula au tujibebee? Tulinganishe

Mama Wawili
Habari zenu wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijaamua. Tunakwenda Disney World, zile bustani za burudani za Florida, Marekani, ile wiki iliyobanwa katikati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tutalala kwenye hoteli yao. Tuko sita: mimi na mume wangu, mama mkwe, dada yangu, na watoto wawili, mmoja ana miaka 10 na mdogo ana 4.

Upande wa tiketi nimeshajipanga, najua zinauzwa kwa bei ya tarehe. Chakula ndicho kinachoninyima usingizi. Nasikia bufe na ile milo ambayo Mickey na wenzake wanapita mezani hupanda bei wiki kama hiyo. Je, kila kitu kinapanda au ni baadhi tu? Na kwa watu sita, mngechagua nini: bufe, mkahawa wa kukaa na kuchagua kwenye menyu, kaunta (unaagiza na kubeba sinia lako mwenyewe), mpango wa chakula unaolipia kabla, au kubeba vyetu kutoka hotelini?

Mizani
Dada, hilo swali lako la kwanza likijibiwa, mengine yanakuwa mepesi. Bei ya msimu inakaa hasa kwenye milo inayolipiwa kwa kichwa, yaani bufe na milo ya wahusika, ile ya Mickey na wenzake. Pale mkahawa hauuzi sahani, unauza kiti. Viti haviongezeki wiki ya Krismasi, wanaovitaka ndio wanaongezeka. Mkahawa wa menyu ya kawaida na kaunta bei zao hupanda pia, tena mara kwa mara, lakini zikipanda zimepanda kwa wote. Aliyekuja wiki yenye watu wachache naye ataikuta bei hiyo hiyo.

Kwa hiyo usiweke "chakula cha bustani" kwenye kapu moja. Unaweza kwenda wiki ya ghali kabisa na usiguse bei ya msimu hata siku moja.

Sasa tazama familia yako. Pale mtoto ni wa miaka 3 hadi 9. Mkubwa wako ana 10, kwenye bufe ni mtu mzima. Mna watu wazima watano na mtoto mmoja. Tuseme, kwa mfano tu, bei ya msimu imeongeza dola 5 kwa mtu mzima na 3 kwa mtoto. Hiyo ni 28. Mkiwa sita au zaidi, bakshishi ya asilimia 18 inaingizwa kwenye bili moja kwa moja, kwa hiyo ongeza 5.04. Kodi ya mauzo wilaya ya Orange, iliko Disney World, ni asilimia 6.5, ongeza 1.82. Zile dola 5 ulizoona kwenye menyu zimeshakuwa karibu 35 mezani kwako, kwa mlo mmoja. Menyu zao haziandiki kodi ndani ya bei, kumbuka hilo kila unapolinganisha.

Bi Kikapu
Mwanangu, beba chakula. Disney World wanaruhusu kabisa, wengi hawajui. Unaingia na mikate, matunda, biskuti, maji, hata boksi la kupoozea mradi lisizidi inchi 24 kwa 15 kwa 18. Wasichotaka ni pombe, vyombo vya glasi (vichupa vidogo vya chakula cha mtoto mchanga vinaruhusiwa) na barafu iliyo huru, iwe ya maji au kavu. Tumia zile pakiti za kugandisha.

Na maji usinunue. Kaunta yoyote yenye mashine ya vinywaji ukiomba kikombe cha maji ya barafu unapewa bure. Sisi tulikuwa wanne, kila tukipita kaunta tunaomba vikombe vinne. Mjukuu wangu alibeba pakiti yake ya unga wa limau mfukoni, anamimina, anatikisa, ameridhika.

Ila msidhani kila bustani iko hivyo. Tokyo Disneyland hawaruhusu kuingia na chakula, wana sehemu ya pikiniki nje ya lango. Shanghai nao walikuwa wanakataza, mpaka 2019 mwanafunzi wa sheria alipokamatiwa vitafunio vyake mlangoni akaenda mahakamani. Kesi iliisha kwa maelewano, akalipwa yuan 50, na Septemba mwaka huo bustani ikalegeza kanuni: chakula unaingia nacho, isipokuwa kinachohitaji kupashwa moto au kuwekwa baridi, au chenye harufu kali. Yuan 50 ni hela ndogo sana, lakini angalieni familia ngapi zinakula kwa amani leo kwa sababu binti mmoja alikataa kunyamaza. Mimi nampenda sana huyo binti.

Baba Pacha
Naheshimu kikapu cha Bi mkubwa, lakini kwa wiki ya Krismasi na kama mnalala kwenye hoteli yao, mimi ningepigia hesabu mpango wa chakula, Disney Dining Plan. Ulisimamishwa 2020, ukarudi Januari 2024. Kuna wa kaunta peke yake: kila usiku mmoja wa kulala unapewa milo miwili ya kaunta na kitafunio kimoja. Na kuna ule mkubwa: mlo mmoja wa kukaa mezani, mmoja wa kaunta, na kitafunio. Kila mlo uliolipiwa unahesabiwa kama pointi, nawe unalipa kwa pointi badala ya pesa.

Kwa nini nautaja hapa? Bufe ya wahusika inayokula pointi moja, inakula pointi moja Septemba na inakula pointi moja tarehe 27 Desemba. Bei ya msimu iwe juu namna gani, pointi yako haijui. Ukipeleka pointi zako za mezani kwenye bufe na milo ya wahusika, na vya kaunta ukachukua vile vya bei ya juu, ndipo mpango unalipa.

Mizani
@Baba Pacha hoja ya pointi ni nzuri, nami sikuifikiria hivyo. Lakini malizia upande wa pili. Huwezi kumnunulia mmoja ukamwacha mwingine: kila aliyetimiza miaka 3 chumbani anaingia, na kwa siku zote za kulala. Bakshishi haimo. Pointi zisizotumika zinakufa usiku wa manane siku ya kuondoka. Na Cinderella's Royal Table, ule mkahawa ndani ya kasri, unakula pointi mbili kwa kichwa. Mama mkwe asiyekula sana atakuwa amelipiwa mlo wa mezani kila siku, atake asitake.

Baba Pacha
Kweli, mkuu. Kwa mzee mwenye mlo mdogo mpango unaumiza. Sisi tulikuwa na vijana wawili wa miaka 15, hao hawakuacha pointi hata moja.

Mpishi Mstaafu
Nimefanya kazi nyuma ya meza za bufe miaka mingi, hoteli ya watalii, sitaitaja. Naomba niseme kitu ambacho mteja haoni.

Watu hudhani bei ya msimu inatokana na gharama kupanda. Ipo gharama inayopanda, nayo ni ya watu: saa za ziada, vibarua wa siku, msafisha vyombo ambaye hajakaa tangu asubuhi. Lakini chakula chenyewe, kwa kila mgeni, msimu wa juu ni nafuu kwa jikoni. Msimu wa chini unatoa sinia la mayai, wageni wanane wanachota kijiko kijiko, baada ya muda ukingo umekauka na katikati pamefanya maji, unamwaga. Unalazimika kuliweka jingine, kwa sababu bufe yenye sinia tupu haionekani bufe. Wiki ya Krismasi sinia halifiki dakika kumi. Linarudi limekwanguliwa.

Kwa hiyo mama, ukilipa bei ya msimu unalipia foleni, hulipii chakula bora zaidi. Ila kitu kimoja unapata kweli: chakula kilichotoka jikoni sasa hivi. Kama utakula bufe wiki hiyo, nenda saa ambayo ukumbi umejaa. Najua inachosha, lakini sahani yako itakuwa ya moto.

Nuru_K
Shikamoo Bi Kikapu, shikamoo Mpishi. Mama Wawili, mimi nakuomba usifute meza kabisa, hasa kwa ajili ya mama mkwe. Kuna kona ya Disney World ambayo atahisi kama ameitwa kwa jina. Ndani ya Animal Kingdom, bustani yao yenye wanyama, kuna kijiji cha kubuni kinaitwa Harambe, kaunta ya vitamu inaitwa Tamu Tamu, ya kahawa Kusafiri. Hoteli ya Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa 2001, ina majengo Jambo na Kidani, mikahawa Boma, Jiko na Sanaa. Mama yangu alisimama mbele ya kibao cha "Jiko" akakisoma kwa sauti, kisha akamgeukia mhudumu na kumuuliza kwa Kiswahili leo kumepikwa nini.

Sasa kwa ulinganisho wako: Boma ni bufe, inalipiwa kwa kichwa, hapo ndipo msimu unapokugusa. Sanaa iko jengo la Kidani, dirisha linatazama mbuga yenye twiga na pundamilia, na menyu yake unachagua sahani. Mchana tuliagiza sinia la mikate: mikate mitano na vichovyo tisa, watu wanne tukazunguka. Chapati ya kwanza iliisha kabla picha haijapigwa. Bakuli la kichovyo cha pilipili tukalisukuma upande wa baba, la tango na mtindi kwa watoto. Twiga anatafuna nje, nasi tunatafuna ndani. Bili ilikuwa ya sinia moja na vinywaji, haikuhesabu vichwa.

Kwa wingi wa watu wiki yenu, weka nafasi mapema. Siku zenye msongamano geti la hoteli linaweza kukuuliza kama una nafasi ya mkahawa.

Mama Wawili
Nuru umenigusa hapo kwa mama. Na je, milo ya wahusika, hakuna namna? Mdogo wangu ana miaka 4, anamtaka Donald tu, basi.

Nuru_K
Donald ni Tusker House, hapo hapo Harambe. Ana mavazi yake ya safari. Nenda asubuhi, kifungua kinywa huwa na bei ya chini kuliko chakula cha jioni, na wahusika ni wale wale. Ukiweka nafasi ya kuchelewa ndani ya muda wa asubuhi, mtatoka mmeshiba hadi jioni na mlo wa mchana umekufa wenyewe.

Safina
Nyongeza fupi, na ni ya uchungu. Mwaka mmoja tuliweka nafasi kwenye mkahawa wa bustani moja ya burudani (si lazima niitaje) nikiwa nimenakili bei miezi miwili kabla. Tulipofika mlangoni bei ilikuwa nyingine, ya sikukuu. Mume wangu alitoa simu kuonyesha picha ya ile menyu ya zamani, mwanangu wa miaka 7 akawa ananivuta mkono anasema "mama twende tu, mimi sina njaa". Alikuwa na njaa. Mpaka leo sentensi hiyo inanichoma.

Kuweka nafasi kunakulindia kiti, hakukulindii bei. Fungua menyu tena wiki ya safari, na tena asubuhi ya siku yenyewe. Disney World unaweza kughairi hadi saa mbili kabla ya muda wako bila kulipa, ukipitisha hapo wanakata dola 10 kwa kila mtu. Kwenu hiyo ni 60. Weka kengele kwenye simu.

Bi Kikapu
Pole sana Safina. Mtoto kusoma uso wa mzazi wake mbele ya keshia, hilo ni zito.

Mizani
Na kwenye kaunta, Mama Wawili, mtu mzima anaruhusiwa kuagiza mlo wa mtoto. Kwa mama mkwe huo unatosha kabisa. Agizeni kwa programu yao kwenye simu kabla njaa haijafika, kwa sababu wiki hiyo muda wa kuchukulia chakula nao unajaa. Pale Magic Kingdom, ile bustani yenye kasri, mkahawa wa kaunta wa Columbia Harbour House una ghorofa ya juu, mara nyingi kuna utulivu kuliko chini.

Mama Wawili
Asanteni sana, nimekaa na mume wangu jana usiku na kalamu. Mpango wa chakula tumeuacha kwa sababu ya mama, tungemlipia asichokula. Kifungua kinywa kwa kikapu cha Bi Kikapu, karibu kila siku. Mchana kaunta, mama na mlo wa mtoto. Bei ya msimu tutailipa mara moja tu, asubuhi moja na Donald, na hiyo nailipa kwa moyo mweupe. Halafu Sanaa mchana mmoja, twiga wakiwapo. Tunaingia tarehe 26 Desemba.

Nuru_K
Basi nafasi zako zinafunguka tarehe 27 Oktoba, siku 60 kabla. Kwa kuwa mnalala hotelini kwao, siku hiyo moja unaweza kuweka nafasi za safari yote hadi siku kumi. Amka alfajiri kwa saa za Florida. Anza na Tusker House, Sanaa baadaye.