Mjadala: Vihisi vya mafuriko Mto Msimbazi, Dar es Salaam, antena za sekta (zinazorusha upande mmoja) au za pande zote?

Mchokozi: Tuseme tunafunga vihisi 40 vya kina cha maji kuanzia Pugu hadi Jangwani, redio za 2.4 GHz. Kila nodi (kihisi na redio yake) ikirudia tahadhari kwa antena ya pande zote, marudio yanagongana hewani na ujumbe unapotea. Mimi nataka antena za sekta 4, na nodi isirushe upande ujumbe ulikotokea. Umeokoa robo ya nguvu.

ChumviPwani: Robo ya nini, kaka? Pande zote ni mrusho 1, wewe unapiga 3!

Mchokozi: Soma kwanza, ucheke baadaye. Sekta ya digrii 90 inakupa karibu desibeli 6, yaani mawimbi yenye nguvu mara 4 upande huo, unashusha nguvu hadi robo. Robo mara 3 ni robo tatu. Hesabu ya darasa la nne hiyo.

FundiMnara: Darasa la nne hawajapima chipu. CC2420, chipu ya redio ya 2.4 GHz, inakula miliampia 17.4 ikirusha 0 dBm (miliwati 1). Shusha hadi −5 dBm, karibu na robo yako, bado inakula 14. Mara 3 ni 42, si 17.4. Na kusikiliza tu ni 18.8! Betri inaliwa na masikio, si mdomo. Halafu mtapandisha antena nguzoni kwa mita 10 za RG-58, ule waya mwembamba wa antena, desibeli zenu 6 ziishie kwenye waya.

Mchokozi: Nani kataja RG-58 hapa?

FundiMnara: Bajeti itaitaja.

DadaSakiti: 😂 Kwa 2.4 GHz RG-58 inapoteza kama desibeli 1 kila mita. Pandisheni redio yenyewe juu, kwenye boksi kando ya antena, chini ishuke nyaya za umeme tu.

ChumviPwani: Boksi juu, maji yanaingia kwenye koneka.

DadaSakiti: Yanaingia ukifunga vibaya. Utepe wa mpira unaojishika, zungusha kutoka chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike wa chini yake. Waya uuache uning'inie kidogo kabla ya kuingia, tone lidondokee hapo.

Mchokozi: Turudi kwenye mada. Tatizo halisi la sekta ni uziwi: nodi ikielekea Pugu, jirani wa Jangwani anaita haisikii, anarudia mpaka anachoka. Kwa hiyo isikilize pande zote, irushe kwa sekta.

ChumviPwani: Mimi koneka napaka silikoni, basi.

DadaSakiti: Ile inayonuka siki? Asidi yake inakula shaba, mzee. Hapo hata sekta 8 hazikusaidii.

ChumviPwani: Mbona madukani ndiyo hiyo hiyo?

FundiMnara: Ya kioo hiyo, ya dirishani. Ulizia isiyonuka siki.