Nyumba ya vyumba sita Kariakoo: ilijengwaje, na ndani waliishi vipi?

Mpimaji_Kadibodi ameuliza:

Habari zenu wakuu. Natengeneza mfano wa nyumba ya Kariakoo, Dar es Salaam, ya miaka ya 1950 kwa maonyesho ya shule. Kipimo ni 1 kwa 20, vifaa ni kadibodi, vijiti na udongo. Upande wa mbele picha zipo tele: baraza, mlango katikati, dirisha huku na huku. Kinachonishinda ni ndani na nyuma. Ukuta ulikuwa wa nini hasa? Chumba kilikuwa na ukubwa gani? Jiko, choo na maji vilikaa wapi, na wapangaji waligawanaje nyumba moja? Halafu nani anieleze kwa nini mitaa ya pale imenyooka kama rula wakati Manzese ukiingia bila mwenyeji unapotea.

---

Fundi Kombamoyo:

Mkuu, anza na ramani ya ndani, mengine yatafuata. Ukumbi unapita katikati toka mlango wa mbele hadi mlango wa uani. Kushoto vyumba vitatu, kulia vitatu, na milango yote sita inafungukia ukumbini. Chumba cha kawaida ni futi 10 kwa 10, wengine 10 kwa 12. Ukumbi weka futi 5. Ukijumlisha na unene wa kuta unapata upana wa futi 27 hivi na urefu wa futi 33 au zaidi kidogo. Kwa kipimo chako chumba kinatoka sentimita 15 kwa 15.

Ukuta: nguzo za boriti za mikoko, nyingi zikitoka delta ya Rufiji, zinachimbiwa kama futi 2 kila baada ya futi moja na nusu au mbili. Fito zinafungwa kwa kulala, ndani na nje ya nguzo, kila shibri moja, kwa kamba. Hapo umepata kitu kama kizimba cha kuku. Katikati unajaza mawe na udongo, kisha unakandika pande zote mbili.

Wengi wanaotengeneza mifano wanakosea hapa: paa hutangulia udongo. Nguzo zikishasimama, mtambaapanya (mti unaolala juu ya nguzo) unapanda, makombamoyo (miti ya kubeba paa) yanafuata, nyumba inaezekwa, ndipo ukandikaji unaanza kivulini. Ukikandika kwanza, mvua moja tu ya vuli inakurudishia udongo wote chini.

Tabaka la kwanza liache likauke mpaka lipasuke lenyewe. Nyufa hizo ndizo zinazoshika tabaka la pili, ambalo linachanganywa na mchanga zaidi. Fundi mwenye haraka akipiga la pili juu ya udongo mbichi, baada ya wiki chache linavimba na kubanduka mapande mapande. Mwisho lipu na chokaa kwa mwenye uwezo, na kwa kawaida mbele ndiko kulikoanza kupakwa. Ubavuni kungeweza kungoja hata miaka.

Adui mkubwa ni maji miguuni mwa ukuta. Mkoko haushambuliwi sana na mchwa, lakini pale unapotokea ardhini, unapolowa na kukauka kila siku, ndipo unapooza. Baraza si ya kukalia tu. Inakinga mguu wa ukuta wa mbele. Kwa hiyo ukitaka mfano wako uonekane wa kweli, weka mabaka na viraka ubavuni, upande wa chochoro.

---

Mpimaji_Kadibodi:

Asante sana Fundi. Paa niweke makuti au bati? Na dari?

---

Fundi Kombamoyo:

Miaka ya 1950 mjini utakuta bati nyingi na madebe. Makuti yalikuwa yanasukumwa pembeni kwa ajili ya moto: nyumba zimebanana, cheche moja ya mkaa inatosha. Debe la mafuta ya taa la galoni 4 likikatwa kimo na kukunjuliwa linatoa karatasi ya sentimita 95 kwa 35 hivi, na linapigiliwa kwa kupandanisha kama magamba ya samaki, la juu likilalia la chini. Ukipandanisha kinyume, maji yanaingia ndani. Paa la makuti lazima liwe na mwinuko mkali, karibu nyuzi 45, la sivyo linaoza. Bati linaruhusu kulala zaidi.

Dari hakuna. Kuta za kugawa vyumba zinaishia usawa wa mtambaapanya, juu ni wazi. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, cha sita wanakuombea afya.

---

Mnazi Mmoja Magharibi:

Kuhusu mitaa kunyooka: hiyo ni kazi ya Wajerumani. Muda mfupi kabla ya vita ya 1914 walitwaa shamba lililokuwa nje ya mji, wakachora viwanja kwa mistari ili Waafrika wahamie huko. Mji uligawanywa kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na huku, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawa mpaka wa kutenga Uhindini na Kariakoo. Waingereza walipouchukua mji 1916 hawakufuta mchoro huo, waliuendeleza. Kanda hii ya tatu ndiyo iliyoruhusiwa kujengwa kwa miti na udongo. Kwa hiyo nyumba anayoieleza Fundi haikuangukia pale kwa bahati. Kanuni ya ujenzi ndiyo iliyoipangia mahali.

Jina linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale wakati wa vita. Kariokor ya Nairobi nayo imelipata jina hukohuko. Kuna wanaodai Wajerumani walijenga soko. Walijenga jengo, kweli, ila soko lilianza humo baadaye, miaka ya 1920 chini ya Waingereza. Jengo la zege lenye paa kama miavuli ni jingine kabisa: lilichorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa 1975, na likaungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Miavuli ile ilichorwa ikusanye maji ya mvua, jambo ambalo wapita njia wengi hawalijui.

Ukiandika vibao vya mitaa kwenye mfano wako, kuwa mwangalifu. Miaka ya 1950 hakuna Uhuru wala Lumumba. Uhuru ilikuwa Kichwele, na Lumumba ilikuwa New Street, mtaa ilikozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954.

---

Bibi wa Uani:

Mmesahau uani, na uani ndiko nyumba ilikoishi. Ukitoka mlango wa nyuma unakuta ua uliozungushiwa makuti, mabati au ukuta mfupi. Pembeni kibanda cha jiko kisicho na ukuta kamili ili moshi utoke. Mbali kabisa na jiko, choo cha shimo na bafu pamoja. Shimo likijaa hakuna gari la kunyonya: linafukiwa, la pili linachimbwa kando, na kwa kuwa kiwanja ni kidogo baada ya miaka kadhaa unarudi kwenye la kwanza. Weka alama ya shimo lililofukiwa, wanafunzi wataulizia.

Kila mpangaji alipika kivyake, mafiga yake au jiko lake la mkaa. Usiweke jiko moja kubwa, utakuwa umekosea. Maji yalichotwa bomba la mtaa, au yakaletwa na mchota maji kwa mzegamzega, madebe mawili kwenye mti begani. Debe moja lita 18, kwa hiyo safari moja lita 36. Kwa kipimo chako debe ni sentimita 1.2 kwa 1.2, kimo 1.7.

Mwenye nyumba, na wengi walikuwa akina mama, alikaa chumba kimoja au viwili akapangisha vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa mwezi. Chumba cha mbele kilikuwa na thamani kuliko vyote, maana ukigeuza dirisha kuwa mlango wa barabarani unapata duka, au sehemu ya fundi cherehani. Fremu zote mnazoziona leo Kariakoo zimeanzia kwenye chumba hicho.

---

Dalali Mstaafu:

Naunga mkono hilo la chumba cha mbele. Niongeze kwa nini nyumba hizo zimekwisha. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Nyumba ya udongo haikufika bei hiyo, kwa hiyo familia nyingi za Kariakoo zilibaki na viwanja vyao. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyo juu yake. Hapo ndipo ulipoingia ubia: familia inatoa kiwanja, mwenye fedha anapandisha ghorofa, fremu zinagawanywa kwa mkataba. Mpangaji anatoa kilemba, yaani malipo ya kupata nafasi, ili aingie, na kodi ya miezi sita au mwaka mbele.

Ubaya wake, kiwanja kilipimwa kwa nyumba ya chini yenye chochoro pembeni. Ghorofa linakula chochoro yote. Akichimba mtu chini ya usawa wa msingi wa jirani bila kuushikilia udongo, nyumba ya jirani inakosa pa kuegemea. Jengo lililoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 liliua zaidi ya watu 20, na tangu hapo watu wanauliza maswali ya msingi kabla ya kulipa kilemba. Wamechelewa, lakini wanauliza.

Mpimaji, usiende Kariakoo kutafuta nyumba kamili. Nenda Ilala au Magomeni, bado utazikuta zenye ukumbi na vyumba sita, ingawa udongo umebadilishwa tofali. Bisha hodi, omba kupima ukumbi tu. Kariakoo kwenyewe pima upana wa ghorofa jembamba: mara nyingi ni kiwanja kilekile cha nyumba moja.

---

Mpimaji_Kadibodi:

Nashukuruni wote. Ukuta wa mbele nilishaukandika kabla ya paa, naubomoa leo jioni. Bibi wa Uani, mlango wa choo uelekee wapi?

---

Bibi wa Uani:

Usitazamane na mlango wa nyuma wa ukumbi. Ugeuze ubavuni, au weka kipande cha makuti mbele yake. Mgeni aliyekaa barazani akitupa jicho ndani, aone uani, asione choo.