Mjadala: Je, makumbusho yetu ya kivita yanawaenzi wazee wa Keya?

Mjukuu wa Keya
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Miaka mitatu iliyopita familia yetu ilikabidhi kwa jumba moja la makumbusho nishani ya babu, askari wa Keya (yaani KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika huku kwetu), aliyepigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ni nyota yenye ncha sita, na utepe wake ni wa buluu iliyokolea, una mstari mpana mwekundu katikati na miwili myembamba ya rangi ya machungwa. Juzi nimeikuta kabatini kati ya kitako cha bunduki na kofia ya polisi, na kibandiko kinasema tu: "Nishani, Uingereza." Nyuma ya nyota yenyewe hakuna jina, ndiyo maana tuliambatanisha karatasi yenye jina lake, kijiji chake na kikosi chake. Je, makumbusho yanawaenzi vipi wazee wa vita ikiwa yanatunza chuma na kumwacha mtu?

Mtoto wa Muleba
Poleni sana. Hata hivyo, tuseme kweli. Wale walikuwa askari wa Mfalme wa Uingereza, na jeshi letu liliundwa upya tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo, ili tuachane na urithi wa KAR. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, waliokufa katika vita vya kumng'oa nduli Amin. Tukiwapa vibaraka wa mkoloni nafasi sawa na hao, neno shujaa litabaki na maana gani?

Mjukuu wa Keya
Neno "vibaraka" ulifute, ndugu yangu. Babu alichukuliwa shambani na watu wa jumbe, wala hakuna aliyemuuliza kama anampenda huyo Mfalme. Tarehe 12 Februari 1944 Wajapani waliizamisha meli ya Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi, wakafa watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Hao waliozama, ambao hata kaburi hawana, nao ni vibaraka?

Binti Ungoni
Mimi ninatoka Songea, ambako makumbusho ya Majimaji yanawakumbuka wazee wetu walionyongwa na Mjerumani mwaka 1906. Jeshi la Mjerumani lilijaa askari weusi, kwa hiyo neno hilo kwetu si tusi la kubuni. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini ile sanamu ya Askari, ambayo Wajerumani waliiweka katikati ya Dar es Salaam, bado imesimama.

Mwalimu Mstaafu
Hapo umeteleza, binti yangu. Wajerumani waliweka sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wao, Waingereza wakaiondoa, na huyu Askari alizinduliwa mwaka 1927. Nimewapeleka wanafunzi pale mara nyingi, nikiwasomea maandishi yanayosema kuwa wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Kila mara kuna mtoto aliyezunguka nguzo yote akitafuta majina, akaniuliza yako wapi. Kariakoo nzima imebeba jina la kikosi cha wapagazi, lakini nani anaweza kunitajia mpagazi mmoja? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Mtoto wa Muleba
Mwalimu, shikamoo. Sikuwatukana waliokufa. Baba yangu alikwenda vita vya Kagera akiwa mwanamgambo, akarudi na goti lisilokunjika, na akitaka kuvaa viatu hadi leo ni lazima mtu ainame amfungie kamba. Hajatokea mtu wa makumbusho hata mmoja aliyekaa naye na kinasa sauti. Ninyi mnalilia kibandiko cha aliyekwisha kufa, na huyu yuko hai, anasahau kitu kimoja kimoja kila mwezi.

Binti Ungoni
Nimekubali kosa langu kuhusu Wissmann, Mwalimu, lakini hoja yangu ya Majimaji haijajibiwa. Kaka wa Muleba, simu unayoandikia hapa inarekodi. Anza na lile goti: aliumia wapi, na nani alimbeba.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Muulize pia majina ya wenzake wa kikosi, na uyaandike jinsi anavyoyatamka yeye.

Mjukuu wa Keya
Neno lenyewe bado hujalifuta, ndugu yangu, ingawa habari za mzee wako zimenigusa na ninamwombea afya. Jumatatu ninarudi pale na karatasi ya pili, yenye jina, namba ya jeshi na kijiji. Nimeongeza sentensi moja ambayo bibi alituachia: kwamba babu alitembea bonde la Kabaw, huko Burma, wakati wa masika ya kule, na kwamba tangu aliporudi, mvua ikianza usiku, aliamka akakaa mlangoni hadi ikatike.