MJADALA: Santuri yenye picha ya uchi, muuzaji aifunike?

Kijana wa Kibokoni: Juzi Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nimeiona santuri ya Electric Ladyland ya mpiga gitaa Jimi Hendrix, chapa ya Uingereza ya 1968. Jalada lote ni wanawake walioketi bila nguo. Muuzaji kalibandika karatasi ya kaki kwa uji wa unga wa ngano, na pembe moja ishaanza kubanduka. Namuuliza, ananijibu, "Hapa hupita wazee watokao msikitini." Mimi nasema kaharibu mali. Nyie je?

Bi Mkubwa, Majengo: Mwanangu, uji ndio kosa, kufunika si kosa. Mwaka huohuo John Lennon, mwanamuziki wa Beatles, na mpenzi wake Yoko Ono walijipiga picha uchi, santuri ikauzwa ndani ya bahasha ya kaki, nyuso tu ndizo zaonekana. Atakaye si atafungua kwake? Tena Hendrix mwenyewe hakulitaka jalada hilo. Alitaka picha yake na wenzake wa bendi wakiwa na watoto kwenye sanamu kule New York.

Kijana wa Kibokoni: Shikamoo Bi. Na taarabu za harusini je? Mafumbo mengine tunayoyashangilia yako uchi kuliko picha yoyote.

Bi Mkubwa, Majengo: Marahaba. Fumbo limevaa leso, baba.

Abiria wa feri, Likoni: 😂 Kijana, huyo muuzaji kakuongezea thamani. Mwaka 1966 bendi ya Beatles walipigwa picha ya jalada na makoti ya wachinjaji, mapajani mapande ya nyama na wanasesere waliokatwa vichwa. Wenye maduka Marekani wakapiga kelele, kampuni ya Capitol ikazirudisha santuri, na nyingine ikazibandika tu picha mpya juu ya ile ya zamani. Watu wakazibandua kwa mvuke wa birika! Leo wakusanyaji wanazigombania.

Mwalimu, Changamwe: Msichanganye mambo. Jalada la bendi ya Blind Faith la 1969 lina msichana wa miaka 11, kifua wazi. Hilo silo la kaki wala birika, lisingechapwa kabisa. Ya watu wazima, muuzaji aamue kwenye meza yake. Mimi naogopa siku ataamuliwa na askari wa kaunti.

Kijana wa Kibokoni: Nimerudi leo kuinunua. Kabandika kaki mpya na bei kapandisha shilingi mia mbili. Ati za uji.